UZI: Usiku wa nyongeza sita. Hasheem Thabeet, UConn na Syracuse, Machi 12, 2009

MtuWaHartford (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila jina la Hasheem Thabeet linapotajwa humu jukwaani, haichukui muda kabla mtu hajaandika kwamba huyo ndiye aliyechaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na hakufika popote. Mjadala unaishia hapo. Wengi wanaoandika hivyo hawakumwona akicheza hata kipindi kimoja alipokuwa chuo. Mimi nilimwona. Nilikuwa naishi Hartford, Connecticut, nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na timu ya chuo kikuu cha Connecticut, UConn, ilikuwa ikicheza baadhi ya mechi zake za nyumbani pale pale mjini kwetu. Nataka kueleza mechi moja tu. Timu yake ilifungwa, na bado ndiyo mechi ambayo ningemwekea mtu yeyote anayetaka kujua kijana wa Dar alikuwa nani kabla ya NBA.

Kwa wasiofuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani: msifikirie mashindano ya vyuo vyetu, ambako watazamaji ni wanafunzi wenzao na wapita njia. Kule mechi ya vyuo inajaza ukumbi wa watu elfu ishirini na inaonyeshwa nchi nzima. UConn walikuwa kwenye ligi inayoitwa Big East, ambayo wakati huo ilikuwa na vyuo 16, na kila Machi vyuo hivyo vilikuwa vinakutana Madison Square Garden, New York, kwa mashindano ya mtoano. Ukifungwa unarudi nyumbani. Mechi ina vipindi viwili vya dakika 20. Mkitoka sare mnaongezewa dakika 5, mkitoka sare tena mnaongezewa nyingine 5, na hakuna kikomo. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka na harudi. Hilo la faulo tano lishikeni, tutalihitaji mbele.

Hasheem msimu ule alikuwa mwaka wake wa tatu chuoni. Futi 7 na inchi 3. Wastani wake ulikuwa pointi 13.6, rebaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) 10.8 na bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani) 4.2 kwa mechi. Mwisho wa Januari, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, rebaundi 11 na bloku 10. Bloku kumi katika mechi moja! Mwaka 2008 alikuwa mlinzi bora wa Big East, 2009 akachukua tena, na 2009 hiyo hiyo akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Ligi iliyokuwa na Jonny Flynn, Kemba Walker, A.J. Price na wengine kibao, mchezaji bora anatajwa Mtanzania aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama kumi na mitano. Mimi niliyekuwa nasikia jina la Tanzania kwenye runinga ya Marekani pale tu palipokuwa na habari za simba na tembo, nilikuwa nakaa mbele ya kioo nikimsikia mtangazaji anasema "Dar es Salaam, Tanzania" kila timu zinapotambulishwa. Sitaki kudogosha lile jambo.

Naendelea baadaye kidogo.

Kijana_wa_Makongo

Nimeweka kambi hapa. Shusha vitu mkuu.

BintiUpanga

Kaka, umenikumbusha mbali. Mechi hiyo sisi tuliifuata Dar, asubuhi ya Ijumaa. Malizia kwanza, nami nitasema yangu.

MtuWaHartford

Tuendelee.

UConn walifika New York wakiwa wamepoteza mechi tatu tu msimu mzima, mbili kati ya hizo kwa Pittsburgh. Ile ya kwanza ya Pittsburgh ilikuwa Februari 16, siku Hasheem anatimiza miaka 22, na siku hiyo Blair alimkamata mkono wakigombea rebaundi akampindua mgongoni mpaka chini. Picha zile zilirudiwa wiki nzima, na watu wakaanza kusema huyu mrefu ni laini. Kabla ya hapo, Februari 11, UConn waliwafunga Syracuse 63 kwa 49, lakini siku hiyo hiyo Jerome Dyson, mmoja wa wachezaji wao wazuri wa nje, aliumia goti na msimu wake ukaishia pale. Kwa hiyo robo fainali na Syracuse ilikuja wakati timu ina jeraha na Hasheem ana deni la kulipa.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya Alhamisi ile. Ilianza saa 3 na dakika 36 usiku kwa saa za New York. Mimi na kijana wa Mombasa niliyekuwa nimepanga naye tulikuwa mbele ya ESPN na sahani ya wali. Zamu yangu ilikuwa inaanza saa 12 asubuhi na nilijiambia mechi itaisha kabla ya saa sita.

Syracuse ya kocha Jim Boeheim ilikuwa inajulikana kwa jambo moja: ulinzi wa eneo, wawili mbele, watatu nyuma. Hawamkabi mtu, wanakaba sehemu. Ukitaka kuwafunga una njia mbili, utupe kutoka mbali juu yao, au upenyeze mpira kwa mtu mrefu katikati. UConn ya kocha Jim Calhoun walikuwa na huyo mtu mrefu. Upande wa pili, Jonny Flynn wa Syracuse alikuwa mfupi, mwepesi, anapenya atakavyo, lakini kila akiingia ndani anakuta mikono ya Hasheem. Ukiangalia karatasi ya takwimu huoni mara ambazo Flynn aliingia, akamwona, akageuza akautoa mpira nje. Mimi nilikuwa naziona. Kijana wa Mombasa alikuwa anapiga paja kila ikitokea.

Dakika 40 zilikuwa mechi nzuri ya kawaida. Sekunde za mwisho ndizo zilizoifungua.

Syracuse wanaongoza 71 kwa 69. UConn wanashambulia, na Kemba Walker, wakati huo mtoto wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, anafunga zikiwa zimebaki sekunde 1.1. Sare, 71 kwa 71. Nikasimama. Sekunde moja na nukta moja, nani atafanya nini? Syracuse wanarusha pasi ndefu kutoka mwisho wa uwanja, mpira unamfikia Eric Devendorf mbali kabisa na kikapu, futi kama 28, anageuka, anatupa. Mpira unaingia!

Devendorf akakimbia akapanda juu ya meza ya waamuzi, akavuta fulana mbele ya watu. Madison Square Garden nzima imesimama. Rafiki yangu wa Mombasa alishika kichwa. Mimi nilikaa chini sakafuni nikasema basi, imekwisha.

Waamuzi wakaenda kwenye runinga. Wakaangalia, wakarudisha, wakaangalia tena. Na sisi tunaonyeshwa picha ile ile polepole: taa nyekundu ya ubao imewaka, saa inasoma sifuri, na mpira bado upo kwenye ncha za vidole vya Devendorf. Haujatoka. Ni kitu cha kupepesa jicho. Refa akatoka akapunga mikono: hakuna kikapu.

Kwa hiyo ule mtupo uliorudiwa miaka yote hii kwenye vipindi vya michezo haukuhesabiwa. Kama ungehesabiwa, tungekuwa na mwisho mzuri wa mechi moja ya robo fainali na wengi wangeusahau. Kwa sababu haukuhesabiwa, tulipata saa nyingine nzima na zaidi.

Kijana_wa_Makongo

Aisee. Yaani ameshapanda mezani halafu linafutwa?

MzeeWaViwanja

Mleta uzi, mimi niliiona miaka ya baadaye, mjomba wangu mmoja aliniletea kwenye diski. Lile tukio la meza lilinifanya niwaonyeshe vijana ninaowafundisha kama somo: usishangilie kabla refa hajaonyesha mkono. Endelea mwanangu.

MtuWaHartford

Shikamoo mzee. Somo zuri hilo, ingawa siwezi kumlaumu Devendorf. Ule mpira uliingia kweli.

Sasa nyongeza. Naweka mtiririko wa sare ili muone ilivyokuwa: 71, kisha 81, kisha 87, kisha 98, kisha 104, kisha 110. Mara tano mfululizo dakika tano zinaisha na hakuna mshindi.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa Connecticut hawalisahau. Katika nyongeza zote tano za kwanza, Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Hata sekunde moja. Kila mara UConn wanatangulia, kila mara Syracuse wanarudisha. UConn walikuwa na mechi mkononi tena na tena. Mara kadhaa A.J. Price wa UConn alishika mpira wa mwisho wa kumaliza kazi na haukuingia. Nyongeza ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi: tumeongoza kwa tatu, sekunde chache zimebaki, na Andy Rautins wa Syracuse anapata nafasi nje, anatupa pointi tatu, 98 kwa 98. Nilitoka nje kwenye baridi nikarudi.

Kumbukeni kuwa chuoni kila nyongeza inaanza kwa mpira kurushwa juu katikati, watu wawili wanaruka. Ukiwa na mtu wa futi 7 na inchi 3 pale katikati, una faida hata kabla mchezo haujaanza. Hasheem alikuwa anaruka, anapokea ndani, anagombea rebaundi, anarudi nyuma kuziba njia, na miguu yake tuliiona imechoka. Alikuwa anashika magoti kila mpira unapotoka nje. Mrefu namna ile kukimbia huku na huko baada ya saa mbili na nusu ni adhabu.

Halafu faulo zikaanza kula watu. Mmoja baada ya mwingine, timu zote mbili, mpaka wachezaji wanane wakawa wametoka kwa faulo tano. Na Hasheem akawa mmoja wao. Ilipofika nyongeza ya sita alikuwa kwenye benchi, amejifunika taulo, pointi 19 na rebaundi 14.

Nyongeza ya sita ikaanza bila yeye. Rautins akatupa pointi tatu, ikaingia, na kwa mara ya kwanza tangu kipindi cha pili kiishe Syracuse wakawa mbele. Hawakurudi nyuma tena. Njia ya katikati iliyokuwa imefungwa usiku kucha sasa ilikuwa wazi. Syracuse walifunga pointi 17 katika dakika tano zile, UConn 7. Mwisho: Syracuse 127, UConn 117. Saa ya New York ilikuwa saa 7 na dakika 22 usiku. Saa tatu na dakika 46 tangu mpira wa kwanza urushwe.

Flynn alicheza dakika 67 kati ya 70. Alifunga 34 na kutoa pasi za kufungia 11. Paul Harris, mtu wa kimo cha kawaida kwa mchezo huo, alichukua rebaundi 22 na pointi 29. Kwetu, Price alikuwa na 33 na pasi 10, Stanley Robinson 28 na rebaundi 14. Hakuna aliyejificha usiku ule.

BintiUpanga

Sasa niseme yangu.

Dar ilikuwa saa 10 na dakika 36 alfajiri mechi ilipoanza. Hakuna runinga iliyokuwa inaonyesha. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwendawazimu wa Hasheem, alimjua tangu anacheza viwanjani hapa. Alikuwa na kompyuta ya kazini na modemu, akafungua ukurasa wa matokeo unaoandika kila tukio kwa mstari: nani amefunga, nani amefanya faulo, zimebaki dakika ngapi. Hiyo ilikuwa kabla mkongo wa intaneti wa baharini haujafika nchini Julai ile, kwa hiyo ukurasa ulikuwa unachukua muda kufunguka mpaka unakata tamaa. Tunasubiri, mstari unatokea: Thabeet, rebaundi. Tunasubiri tena.

Mama akaamka kuswali alfajiri, akatukuta. Mama akaamka kuswali alfajiri, akatukuta. Mama akarudi, akatukuta tupo vile vile. Akauliza huyo mtoto wa watu bado anacheza tu? Kaka akamwambia mama, bado anacheza. Mama akasema Mungu ampe nguvu, akaenda kuchemsha chai.

Devendorf na meza yake hatukujua kabisa. Kwenye ukurasa tuliona tu sare 71 halafu kimya kirefu, tukadhani mtandao umekatika. Kumbe ndiyo dakika zile waamuzi walikuwa wanaangalia picha! Nimelijua hilo baadaye sana, nilipoiona video.

Ulipotokea mstari wa faulo ya tano ya Hasheem kaka alifunga kompyuta. Akaifungua tena. Mechi iliisha saa 2 na dakika 22 asubuhi, kaka alishachelewa kazini na wala hakujali. Alikaa kimya mezani na mkate wake. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari na sikuelewa kikapu vizuri, lakini asubuhi ile nilimpenda Hasheem mpaka leo. Mtu akimtukana mbele yangu ninachukia.

MtuWaHartford

Dada, hii imenigusa kweli. Ile picha ya mama kuuliza kama bado anacheza nitaihifadhi. Sisi huku tulikuwa na runinga kubwa tukadhani ndio tuliokuwa na mechi. Kumbe ninyi mlikuwa nayo mstari kwa mstari.

Ukweli_Mchungu

Wakuu, hadithi tamu, sipingi. Lakini tusijidanganye. Namba mbili NBA ni namba mbili. Memphis, timu iliyomchagua, walitegemea nguzo, wakapata mtu aliyepelekwa ligi ndogo msimu wake wa kwanza. Chuo ni chuo. Na hata hiyo mechi yenyewe amefungwa.

MtuWaHartford

Mkuu, hoja yako naiheshimu na nitaijibu kwa ukweli wote.

Ni kweli. Februari 2010 Memphis walimpeleka Dakota Wizards kwenye ligi ya maendeleo, na hakuna aliyechaguliwa juu namna ile aliyekuwa amewahi kupelekwa huko kabla yake. Baadaye akapita Houston, Portland, Oklahoma City, hakukaa. Sijaandika uzi huu kusema alikuwa nyota wa NBA.

Ila angalieni sababu. Chuoni mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote anaotaka. NBA kuna sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi: kama humkabi mtu aliye karibu nawe, huruhusiwi kukaa ndani ya lile eneo zaidi ya sekunde tatu. Silaha kubwa ya Hasheem ilikuwa kukaa pale na kuwafanya watu wabadili mawazo. Ukimwondolea hiyo, unamlazimisha atoke nje kukimbizana na watu wepesi, na yeye alianza mchezo kwa kuchelewa. Wenzake wa Marekani wanaanza wakiwa wadogo kabisa. Tena alikwenda Memphis ambako nafasi za ndani zilikuwa za Marc Gasol na Zach Randolph. Kijana anayehitaji dakika ili ajifunze aliwekwa nyuma ya watu wawili ambao hawatoki.

Kuhusu Curry: alichaguliwa wa saba. Wa sita alikuwa nani? Jonny Flynn, yule yule wa dakika 67, Minnesota walimchukua. Nyonga ilimharibia na NBA yake ikawa fupi. Watu wa Syracuse mpaka leo wanamtaja Flynn kwa heshima na hawaanzi na NBA, wanaanza na usiku ule. Mimi ninaomba hicho hicho kwa Hasheem kutoka kwa watu wa kwao.

Na kuhusu kufungwa. Dakika zote tano za mara tano, yeye akiwemo katika nyingi ya hizo, Syracuse hawakuongoza. Ametoka, wamefunga 17 katika nyongeza moja. Price na Robinson nao walikuwa wamechoka, sikatai, na Rautins alikuwa wa moto. Lakini niliitazama ile nyongeza ya sita nikiwa naona nafasi pale katikati alipokuwa anasimama, na sitabadilisha maoni yangu.

Ukweli_Mchungu

Hilo la sekunde tatu sikulijua. Nakubali lina uzito. Nitaitafuta mechi niione mwenyewe kabla ya kuendelea kubisha.

MzeeWaViwanja

Mimi niongeze upande wa nyumbani. Baada ya 2009 tulipata watoto wengi warefu viwanjani kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Zamani mtoto mrefu Dar anaambiwa akadake mpira golini au anachekwa njiani. Baada ya Hasheem, mzazi anakuletea mtoto mkononi: mwalimu, huyu nguo zimemkataa, mfundishe kikapu. Hakuna hata mmoja wangu aliyefika NBA. Lakini wapo waliopata shule nje kwa sababu ya mchezo huu, na wazazi wao walikubali kuwaachia kwa kuwa waliona inawezekana. Yeye alisoma Makongo, kisha akaenda Marekani, akamalizia sekondari Cypress, Houston, ndipo UConn wakamchukua. Njia hiyo kabla yake hakuna mzazi aliyekuwa akiijua.

Mkazi_wa_Nairobi

Ndugu zangu Watanzania, swali moja. Hiyo ndiyo mechi ndefu kuliko zote za vyuo?

MtuWaHartford

Karibu ndugu. Hapana, ipo moja ndefu zaidi, Cincinnati na Bradley, Desemba 1981, nyongeza saba, Cincinnati wakashinda 75 kwa 73. Angalia matokeo hayo ulinganishe: nyongeza saba na hawafiki hata pointi 80. Wakati huo hapakuwa na saa ya kuwalazimisha kutupa, timu ingeweza kushika mpira dakika nzima ikisubiri. Syracuse na UConn walikuwa na sekunde 35 tu kwa kila shambulio, na walifunga jumla ya 244. Walikuwa wanakimbia muda wote. Kwa Big East hakuna iliyoifikia.

Kijana_wa_Makongo

Mkuu, na baada ya hapo? Syracuse walichukua kombe?

MtuWaHartford

Hawakuchukua. Kesho yake usiku, watu wale wale wenye miguu ile ile, walicheza nusu fainali na West Virginia, nayo ikaenda nyongeza! Wakashinda. Jumamosi kwenye fainali Louisville wakawamaliza. Hakuna mwili unaoweza.

UConn walirudi nyumbani wakapumzika, na nadhani kufungwa kule kuliwasaidia miguu. Kwenye mashindano ya kitaifa walipewa nafasi ya kwanza kanda ya magharibi. Wakawafunga Chattanooga 103 kwa 47, Texas A&M, Purdue, Missouri, mpaka wakafika nne bora pale Detroit, uwanja wa Ford Field, watu zaidi ya elfu sabini. Michigan State wakawatoa 82 kwa 73. Hasheem alifunga 17. Hiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya chuo.

Kemba Walker, yule aliyesawazisha ikiwa imebaki sekunde 1.1, alirudi Madison Square Garden Machi 2011 akiwa kiongozi wa timu. Wakashinda mechi tano ndani ya siku tano kuchukua Big East, kisha wakachukua ubingwa wa taifa. Nilipomwona akinyanyua kombe nilimkumbuka yule mtoto wa mwaka wa kwanza.

Na Stanley Robinson, aliyepigana mpaka mwisho kwa pointi 28, alifariki Julai 2020 akiwa na miaka 32 tu. Watu wa Connecticut walimlilia sana. Mungu amrehemu. Ukiangalia mechi ile leo, mwangalie na yeye, namba 21, anavyoruka kwenye nyongeza ambazo wenzake hawawezi hata kutembea.

BintiUpanga

Innalillahi. Sikujua kuhusu Stanley. Kaka yangu alikuwa anampenda pia, alimwita "mruka ukuta".

Ukweli_Mchungu

Mkuu mleta uzi, nimeipata mechi nzima mtandaoni. Saa tatu na zaidi sina kwa leo, nina kama dakika thelathini. Nianzie wapi?

MtuWaHartford

Anza dakika mbili za mwisho za kipindi cha pili, usiruke kitu mpaka waamuzi wanapomaliza kuangalia picha ya Devendorf. Kisha ruka mpaka mwisho wa nyongeza ya tatu uone pointi tatu za Rautins. Rudi nyuma kidogo hapo hapo, achana na mpira, mwangalie Hasheem peke yake kwa mashambulizi mawili matatu ya Syracuse, angalia Flynn anaingia wapi na anageukia wapi. Kisha tazama nyongeza ya sita yote, dakika tano. Ukimaliza rudi hapa utuambie ulichokiona katikati, nasubiri kwa hamu.